Mgeni wa Darasa la Tano

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kitu kikishatiwa mkononi mwa mtoto mdogo hakinyang'anywi. Hiyo ni sheria ya mama mkwe wangu. Aliikuta kwa mama yake Pangani, akaja nayo mjini, na hakuna aliyewahi kuitengua: si mume wangu, si mawifi zangu, wala mimi. Ukiacha kitu chako mtoto akakifikia, umekwisha kukitoa. Ukikitaka tena, ngoja akichoke mwenyewe.

Mwaka ule darasa la binti yetu lilipopata mgeni kutoka Japani, sheria hiyo ilitupandisha mlima.

Mgeni alikuwa dubu wa kitambaa, rangi ya mchanga, urefu wa dhiraa moja. Jina lake Momo. Aliingia kwa posta, ndani ya boksi lililofungwa kwa ustadi, pamoja na barua ya wanafunzi wa shule moja ya msingi ya huko na picha ya darasa lao. Ombi lao lilikuwa moja: Momo akae na watoto wa Tanga, alale majumbani mwao, na kila wiki awaandikie anayoyaona. Sisi tulikuwa tumewapelekea twiga wa kitenge. Alimshona fundi mwenye cherehani karibu na lango la shule, akamjaza vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja wake.

Utaratibu huu una historia yake. Mwaka 1988, Marekani na Umoja wa Kisovieti zikiwa bado zinatazamana kwa jicho baya, shule za jimbo la New York ziliunganishwa na shule za Moscow kwa njia ya kompyuta ili watoto wafanye kazi za darasani pamoja. Kutokana na jaribio hilo ukakua mtandao wa iEARN, ambao leo una walimu katika nchi zaidi ya 100, na mmoja wa miradi yake inayojulikana sana ni huu wa midoli ya dubu. Shule mbili za nchi mbili zinapewa udugu. Kila moja inachagua mdoli wake na kumtuma kwa mwenzake. Mtoto anayempokea haandiki habari zake mwenyewe, anaandika za dubu: leo nimekula hiki, leo nimeona kile, leo nimeogopa. Faida yake nimeiona. Darasani mle mna mvulana ambaye tangu darasa la kwanza hakuwahi kunyoosha mkono. Zamu yake ilipofika alijaza kurasa za mbele na za nyuma, maana aliyekuwa anasema hakuwa yeye, alikuwa Momo.

Ipo pia miradi ya kuwasafirisha wanafunzi wenyewe, na ni kazi ya heshima. AFS, chama kilichotokana na madereva wa kujitolea waliobeba majeruhi katika vita viwili vya dunia, kilianza kuwapeleka vijana wa sekondari nchi za wenzao mwaka 1947. Mpango wa YES, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2002, umewahi kuchukua vijana wa Tanzania na Kenya kuishi mwaka mzima na familia za Kimarekani. Lakini anayekwenda ni mmoja katika maelfu, na lazima awe amefika sekondari, anajua Kiingereza, anaweza kuhojiwa. Dubu anaingia nyumba yoyote. Analala na mtoto wa mpiga debe sawasawa na mtoto wa daktari.

Kila Ijumaa mwalimu wa darasa alimkabidhi Momo kwa mwanafunzi mmoja, yeye na daftari lake, na Jumatatu asubuhi alitakiwa awe amerudi mezani, ukurasa umejaa. Kabla ya zamu yetu alikuwa amekwisha kulala Chumbageni, Makorora na Mikanjuni. Alikuwa amepelekwa kuona Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Nilizisoma kurasa hizo moja moja, na nyingi zilikuwa safi mno. Momo amefungwa kanga, Momo amesimama mbele ya ngoma, Momo kando ya bahari Raskazone. Picha nzuri zote. Lakini ndani ya nyumba alizolala hukuona kitu. Hakuna sufuria iliyoungua, hakuna mtu aliyegombana na mtu. Wazazi walikuwa wamefagia kabla ya kamera kutoka mfukoni.

Kurasa za twiga wetu zilikuwa na uhai zaidi. Aliandika kwamba Japani wanafunzi wenyewe ndio wanaofagia darasa na kupiga deki korido za shule kila siku. Habari hiyo iliwashangaza watoto wetu, waliodhani nchi tajiri kila shule ina watu wa kuajiriwa kwa kazi hiyo, na ghafla wao na mifagio yao ya asubuhi wakajiona wana wenzao. Aliandika pia kwamba mchana wanafunzi wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, huleta chakula darasani na kuwagawia wenzao, na mwalimu anakula humo humo pamoja nao. Binti yangu aliisoma habari hii mezani mara nyingi hata baba yake akaikariri.

Basi Ijumaa yetu ikafika. Siku hiyo hiyo tulikuwa na mgeni mwingine. Wifi yangu wa Muheza, binti wa mama mkubwa wa mume wangu, alikuwa amemleta mwanawe hospitali mjini. Mtoto ni wa miaka miwili kasoro, magego yanamtoka, ana homa, na foleni ilimweka hadi jioni. Akaona alale kwetu.

Habari ya dubu ilipita barabara yetu kabla binti yangu hajavua viatu. Watoto wakajaa barazani. Mama mkwe akatoka na kiti chake, akampokea mgeni kwa mikono miwili, akamkagua juu mpaka chini, akamnusa.

"Huyu kapita nyumba ngapi?"

Binti akamtajia.

"Na hakuna hata moja iliyomwogesha?"

Beseni likaletwa, na sabuni ya mche, na maji ya kisimani. Binti alijaribu kueleza kwamba ndani ya Momo kuna pamba na haitakauka upesi. Bibi akamjibu kwamba mgeni aliyetoka safari ya mbali huogeshwa kwanza, halafu hulishwa, halafu ndipo huulizwa habari, na kwamba hata Japani bila shaka wanajua hivyo. Akamsugua masikio, akamkamua, akamwanika kwenye kamba ya uani wakati jua linakuchwa. Usiku tulimwingiza ndani, tukamweka mbele ya feni. Saa tatu na nusu umeme ukakatika.

Mtoto wa wifi akaanza kulia. Kilio cha homa, usiku wa joto, nyumba nzima giza. Wifi akamnyonyesha, akakataa. Akambembeleza, akamtembeza uani, wapi. Majirani wakaanza kugonga dirisha kuuliza kama kuna msiba. Ndipo mama mkwe akaamka, akapapasa gizani hadi kwenye kiti, akamshika yule dubu, na alikuwa bado mbichi, wa baridi. Akamlaza mtoto, akamwekea Momo shavuni.

Kimya.

Mtoto alimkumbatia yule dubu mwenye maji na akalala mpaka jua lilipochomoza. Nimewahi kuona dawa nyingi za homa ya meno, za duka na za mizizi, sikuwahi kuona iliyofanya kazi upesi kiasi hicho.

Asubuhi ya Jumamosi binti alikwenda chuoni, mimi nikaenda Mgandini kutafuta samaki kabla hawajaisha, na mume wangu, aliyerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku bandarini, alikuwa amelala. Wifi alitaka kuwahi gari. Nilikuja kusimuliwa kwamba alijaribu kumbandua mtoto vidole kimoja kimoja amwache dubu, mtoto akapiga kelele, na mama mkwe akamzuia mkono. Kitu kikishatiwa mkononi mwa mtoto hakinyang'anywi. Wifi akafunga mbeleko, mtoto na dubu ndani yake, akaondoka.

Binti aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kiti. Kisha kwenye kamba. Kisha chini ya vitanda vyote. Alipoambiwa Momo yuko wapi hakulia mara moja. Aliketi chini sakafuni, daftari mapajani, akauliza, "Bibi, umempa mtu mgeni?" Ndipo akalia, na kilio kile kilimwamsha baba yake.

Mama mkwe hakuelewa kosa. Na mimi nasema hadi leo kwamba hakuwa na kosa. Alikuwa amepata mtoto mgonjwa na kitu cha kumtuliza, akavikutanisha. Kwa kila alichofundishwa tangu azaliwe, mgeni amepata mwenyeji, na shule ya Japani ingepaswa kushukuru.

Mume wangu akampigia dada yake. Simu iliita mara nyingi ndipo ikapokelewa, na wifi mwenyewe alikuwa analia.

"Kaka, mtoto hayupo. Wamemchukua saa hii."

Mama mkwe wake, wa Soni, alikuwa Muheza tangu juzi akimsubiri. Walikuwa wamekwisha kupatana: mtoto aachishwe ziwa. Huku kwetu mara nyingi mtoto anayeachishwa hupelekwa kwa bibi yake akakae huko kwa muda, mbali na harufu ya mama, mpaka asahau. Bibi wa Soni alikuwa ameona homa imeshuka, akasema safari ndiyo leo. Wamepanda gari la Mombo. Dubu yuko naye, kamng'ang'ania.

Jumapili alfajiri mimi na binti tulikuwa stendi. Njia ya kwenda Soni ni Muheza, penye machungwa yaliyopangwa kando ya barabara, kisha Segera, unageuka kaskazini kwenda Korogwe, mashamba ya mkonge kulia na kushoto, hadi Mombo. Hapo gari linaacha barabara kuu na kuanza kupanda Milima ya Usambara kwa kona zisizokwisha. Binti hakusema neno njia nzima. Alikuwa ameshika daftari na mfuko mtupu wa kumrudishia Momo. Tulipoyaona maporomoko ya maji ya Soni kando ya barabara, alinyanyuka kutazama, na hilo ndilo lililokuwa tabasamu lake la kwanza tangu jana yake.

Bibi wa Soni alitupokea kwa furaha, kwa viazi na chai ya tangawizi, akashangaa tumepataje nafasi ya kuja kumtazama mtoto upesi hivyo. Shikamoo zetu hazijaisha, mtoto mwenyewe akatokea mlangoni. Alikuwa amefungwa kipande cha kanga mgongoni, na ndani ya kanga, kichwa kikichungulia begani, alikuwa Momo. Amembeba.

Niliuona uso wa binti yangu ukibadilika. Alikuwa amekuja kuchukua mali ya darasa.

Nilimweleza bibi wa Soni jambo lililotuleta. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchukueni kama ni wa watu. Lakini usiku, mwanangu, sijui nitafanyaje." Tukalala huko, maana gari la kurudi lilikuwa limekwisha kushuka. Milimani usiku kuna baridi kwa mtu wa Tanga, tulijifunika kila tulichopewa. Usiku wa manane mtoto aliamka akitafuta ziwa. Alipapasa kifuani kwa bibi yake, akasukumwa kwa upole, akaanza kuita mama. Alimwita kwa muda mrefu. Halafu mkono wake ukamkuta dubu, akauvuta ule uso wa kitambaa mdomoni, akanyonya sikio hadi akalala. Mimi nilikuwa macho, na binti yangu alikuwa macho.

Asubuhi alikuwa ameketi kizingitini anaandika. Nilipomwambia tujiandae akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, tumwache Momo. Mimi nitamwambia mwalimu."

Ukurasa wenyewe ulianza hivi: "Wapendwa wa Japani, sipo tena Tanga mjini. Nipo mlimani, kuna ukungu, nimebebwa mgongoni kwa kanga. Huku yuko mtoto ameachishwa ziwa na usiku analia, kwa hiyo nimepewa kazi." Baada ya hapo alieleza yote. Kuogeshwa, umeme kukatika, wifi, gari la Mombo, sikio lililonyonywa. Aliandika hata kwamba bibi yake alimtoa dubu bila kumwuliza, na kwamba yeye alikasirika sana na sasa hakasiriki.

Shuleni hilo halikupita kirahisi. Wazazi tuliitwa. Watoto waliokuwa hawajapata zamu walikuwa na haki ya kulalamika, na wazazi wao walilalamika kwa niaba yao. Mzazi mmoja alisema mali ya watu wa nje imepotea na tutaonekana hatuna utaratibu. Mwingine alikuwa na dawa tayari: kwenye mitumba wanauza madubu ya kila rangi, tununue mwenye kufanana, tumpige picha, tuendelee. Wa tatu akataka iandikwe kwamba Momo anaumwa. Ukurasa wa binti yangu ulikuwa mezani, na wengi hawakutaka utumwe. Aibu ndiyo iliyokuwa inasema mle ndani, na naielewa. Tumezoea kuandaa nyumba kwa ajili ya jicho la mgeni.

Mwalimu wa darasa, aliyekuwa kimya hadi hapo, akaanza kutusimulia habari ya midoli ya 1927. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria iliyowafungia mlango wahamiaji kutoka Japani, na chuki ikazidi pande zote mbili. Mmisionari mmoja, Sidney Gulick, aliyekuwa ameishi Japani kwa zaidi ya miaka 20, akawaza kuanzia kwa watoto. Watoto wa Marekani wakachanga midoli, wakaishonea nguo, wakaiandikia barua na kuitengenezea pasipoti. Midoli zaidi ya 12,000 ikavuka bahari na kugawiwa kwenye shule za chekechea na za msingi za Japani, ikiwahi sikukuu yao ya midoli ya Machi 3, 1927. Upande wa Japani kazi iliongozwa na mfanyabiashara mkongwe Shibusawa Eiichi, na mwisho wa mwaka huo huo watoto wa huko wakarudisha shukrani kwa kupeleka Marekani midoli mikubwa 58 iliyovishwa kimono.

Kisha vita vikaja. Baada ya Desemba 1941 midoli ya Marekani ikaitwa adui. Mingi ilichomwa moto, mingine ikavunjwavunjwa mbele ya wanafunzi. Lakini wapo walimu na watu wengine walioificha, wakijua hatari yake, na leo inajulikana ilipo takriban 300. Mwalimu wetu alituuliza: wale walioificha walikuwa wanaficha kitambaa tu? Akasema hakuna anayejitia hatarini kwa ajili ya pambo la kabatini. Walikuwa wameiona midoli ile mikononi mwa watoto.

"Hiyo ilikuwa vita," akajibu mzazi mmoja. "Huu ni uzembe."

Nikasimama nikasema yangu. Nilisema tukituma picha ya dubu wa mitumba tutakuwa tumewafundisha watoto 40 na zaidi kwamba rafiki wa mbali ni mtu wa kudanganywa, na tutakuwa tumewafundisha hivyo ndani ya somo la urafiki. Nilisema Momo alikuwa amekaa Tanga miezi kadhaa na kuona ngoma nyingi, lakini hakuwa ameona namna tunavyoishi hadi usiku ule umeme ulipokatika. Ngoma ni yetu na naipenda. Lakini utamaduni wetu ni pamoja na bibi asiyemnyang'anya mtoto kitu, wifi anayelala kwa kaka yake bila kualikwa, na mtoto anayepelekwa milimani kuachishwa ziwa. Mambo hayo mtoto wa Japani hatayapata kwenye kitabu chochote cha picha. Kama tuna kitu cha kumpa, ndicho hicho.

Sitasema niliwashawishi wote. Waliokubali walikuwa wengi kidogo kuliko waliokataa, na ukurasa ukatumwa kwa barua pepe jioni ile. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo walikuwa wamelala.

Ilikubaliwa Momo akae Soni mpaka mtoto amwachie mwenyewe, na walionyimwa zamu wamwandikie yeye, awajibu. Jirani wa bibi wa Soni ana kijana wa kidato cha pili mwenye bidii. Huyo ndiye aliyekuwa anatutumia picha na habari kwa WhatsApp, na binti yangu na wenzake wakaziandika daftarini. Momo kwenye mfuko wa kabichi siku ya soko. Momo jikoni, moshi mtupu. Momo ametapikiwa uji. Zilikuwa kurasa bora za mwaka mzima, na watoto walizigombea.

Majibu ya Japani yalipokuja hayakuwa na lawama hata moja. Walikuwa na swali, na karibu kila barua ilikuwa nalo: mtoto analala sasa? Walitaka kujua kama bado anamwita mama. Msichana mmoja alieleza kwamba mdogo wake halali bila pembe ya blanketi fulani, na mama yao hufua pembe tatu tu, ya nne haigusi. Mwingine alieleza jambo lililompata twiga wetu, ambalo wenyewe walikuwa wameona haya kulisema kabla ya kusoma la kwetu. Twiga alipolala kwao, bibi yake aliona huruma kwamba mgeni wa Afrika ataumwa na baridi, akamwingiza chini ya kotatsu, ile meza yao fupi yenye mfarishi juu na moto wa umeme chini. Akasahaulika humo. Kitenge kikaungua ubavuni. Bibi wa watu alikaa usiku kucha akitia kiraka.

Niliisoma barua hiyo kwa sauti, nikimfasiria mama mkwe. Alinisimamisha pale pa kiraka. Akataka nirudie. Kisha akauliza bibi huyo ana umri gani, ana wajukuu wangapi, na kama anaweza kupelekewa salamu. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kuuliza kama barua imefika, na mwalimu akazoea kumwona langoni.

Huko Soni mambo yaliisha yenyewe. Kuku wa bibi aliangua, mtoto akaviona vifaranga, na dubu akakutwa ametundikwa uani kwenye ua. Siku tatu mfululizo hakumwulizia. Kijana wa kidato cha pili akamfunga kwenye mfuko na kumtuma kwa basi, mkononi mwa kondakta, nasi tukampokea stendi. Sikio moja lilikuwa limechakaa kabisa kwa kunyonywa. Mama mkwe alimpeleka mwenyewe kwa yule fundi wa langoni, na kwa mkono wake akachagua kipande cha kanga yake ya harusi cha kushonea sikio jipya. Mtoto yule sasa ni mzima, analala usiku kucha, na wifi amemrudisha Muheza.

Mgeni haondoki mikono mitupu, kwa hiyo Momo alipotakiwa kurudi Japani palizuka mjadala wa mwisho, wa boksi. Mama mkwe alitaka kutia machungwa ya Muheza kwa ajili ya yule bibi mwenzake. Ilibidi mwalimu amweleze kwamba matunda mabichi hayavuki mpaka wa nchi ile bila cheti cha afya ya mimea, na kwamba boksi lote linaweza kuzuiwa forodhani. Alikubali kwa shida. Akaweka kanga iliyokunjwa, nzima, haijavaliwa, na mwalimu akaandika jina la atakayepewa.

Mwalimu unayesoma habari hii, ukitaka kulianzishia darasa lako mradi kama huu, usisubiri mfadhili. Gharama kubwa ni ya posta, na ikiwashinda ipo njia ya karatasi: mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Kanada, Dale Hubert, alianzisha mradi wa kutumiana mtoto wa karatasi aitwaye Flat Stanley, kutoka kitabu cha Jeff Brown cha 1964, na huyo anakwenda ndani ya bahasha ya kawaida. Waambie wazazi mapema kwamba mdoli atachafuka, na kwamba kurasa zinazotakiwa ni za nyumbani, na nyumba yenyewe iachwe ilivyo. Ombeni mabibi waandikiwe nao. Na kama wenzenu ni wa Japani, kumbukeni kwamba mwaka wao wa masomo unaanza Aprili na kuisha Machi, nao wana likizo ndefu kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Agosti. Tumeni Aprili, wakiwa wamepangwa darasa jipya, ili mgeni awe amerudi kwao kabla sisi hatujafunga shule Desemba.